Ufa Kinywani mwa Timazi

Mafundi wenzake walimwita Timazi. Timazi ni ile kamba yenye kizito, ambayo fundi mwashi huining'iniza ili aone kama ukuta umesimama wima. Jina hilo lilimkaa kwa sababu hakuweza kuvumilia ukuta uliopinda. Akiingia nyumba ya watu, hata kwa salamu tu, macho yake yalikwenda kwenye pembe za chumba kabla ya kwenda kwa wenyeji.

Asubuhi hiyo alikuwa kazini, kwenye nyumba ya mwalimu mstaafu. Ukuta wa sebule ulikuwa na ufa mrefu. Ulianzia juu ya dirisha ukateremka mpaka nyuma ya kabati.

"Fundi, ziba tu," alisema mwalimu. "Nina wageni wanakuja."

"Nikiziba leo, mwalimu, nitakuwa nimeufunga mdomo tu. Utaendelea kusema kwa ndani."

Timazi akachanganya plasta kidogo. Akabandika kipande kimoja, ukubwa wa kipande cha sabuni, juu ya ufa. Kilishika upande huu na upande ule. Kisha akaandika tarehe pembeni kwa penseli.

"Hii ni alama," alisema. "Nikirudi nikaikuta nzima, ufa umelala. Nitauziba na mambo yamekwisha. Nikiikuta imekatika, ukuta unatembea. Hapo tutachimba mpaka msingi."

"Mpaka msingi! Kwa nini hukuniwekea alama hiyo mwaka jana?"

"Mwaka jana hukuniita. Ufa usio na alama, mwalimu, fundi anabahatisha tu."

Alisema hayo kwa uhakika. Lakini huku akisema, ulimi wake ulikuwa ukigusagusa meno mawili ya mbele, juu. Uligusa, ukarudi, ukagusa tena. Ulimi huo haukuwa na raha tangu zamani.

Alitoka nje akatema mate kwenye mchanga. Mate yalikuwa na damu. Timazi akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaifukia damu kwa kisigino, akawasha sigara, akarudi kazini.

Meno yale mawili hakuzaliwa nayo. Miaka michache nyuma, Timazi alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Mungu alimwokoa, maana hakuvunjika mgongo. Lakini mdomo wake ulipiga nguzo, na meno mawili ya mbele yakabaki pale chini.

Mwaka mzima alikaa na pengo. Alikuwa mtu wa maneno na vicheko, akawa mtu wa kutikisa kichwa. Ndugu zake walipoona hivyo, walichangishana. Timazi akapandikizwa meno. Daktari aliingiza skrubu mbili ndogo za madini ndani ya mfupa wa taya. Mfupa ukazishika. Juu ya kila skrubu likafungwa jino jeupe. Ukimwona akicheka, usingejua kama ni ya kupandikiza.

Siku alipoyapata, alirudi nyumbani akaongoza sala ya jioni kwa sauti iliyofika kwa majirani wa nyumba ya tatu.

Sasa sauti ile ilikuwa imepotea tena.

*

Kila jioni, kabla ya chakula, familia ile ilikaa mezani na kuomba pamoja. Baba aliongoza. Mkewe, ambaye alikuwa mshona nguo, alikaa upande wake wa kulia. Shangazi yake Timazi, aliyekuwa akiishi nao, alikaa karibu na jiko kwa sababu ya baridi ya miguu. Watoto walijibana upande wa pili.

Jioni hiyo Timazi aliinamisha kichwa, akaziba mdomo kwa kiganja, akaomba. Hakuna aliyesikia neno hata moja.

Kitindamimba, binti wa mwisho, akafungua jicho moja.

"Baba, mbona siku hizi unaomba kama nyuki aliyeingia kwenye chupa?"

Watoto wakacheka. Shangazi naye akacheka, mpaka meno yake ya bandia yakataka kumtoka. Akayadaka kwa mkono kama mtu anayedaka mpira.

Timazi hakucheka. Alisukuma kiti, akatoka uani. Akaenda mpaka kwenye lango, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Chakula chake kikapoa.

"Anahangaika kama kuku anayetaka kutaga," alisema shangazi. "Kuna jambo."

Mke wa Timazi alikuwa na habari kwamba kuna jambo. Tatizo ni kwamba hakujua ni jambo gani. Mumewe alikuwa akiongea naye kutoka mlangoni, kama mgeni. Akimkaribia, anageuza uso. Kitandani alilala akitazama ukuta. Akichekeshwa, anafunika mdomo. Mwanamke akianza kuyaunganisha mambo kama hayo, hafiki mahali pazuri.

Alikuwa ameomba kwa maneno haya: "Mungu wangu, kama kosa ni langu, nionyeshe mimi. Kama ni lake, mwonyeshe yeye. Lakini tafadhali fanya haraka."

*

Kesho yake asubuhi alikwenda uani kuchota maji. Akamkuta mumewe amesimama mbele ya kioo kidogo, alichokiegemeza kwenye nondo za dirisha. Mdomo wake ulikuwa wazi. Mkononi alishika bisibisi ndogo.

"Baba watoto, unafanya nini?"

Timazi alishtuka. Bisibisi ikatumbukia kwenye ndoo.

"Nakaza jino."

"Unakaza nini?"

"Jino. Si ni skrubu? Naona kama imelegea. Skrubu ikilegea ukutani, maji yanapita, kutu inatoka. Dawa yake ni kuikaza. Tatizo sioni kichwa chake kiko wapi."

"Una akili timamu wewe?"

Mkewe akamsogelea. Timazi akarudi nyuma, lakini nyuma kulikuwa na ukuta, tena ukuta alioujenga mwenyewe. Hakuwa na pa kukimbilia. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, mkewe alisikia harufu ya pumzi yake. Ilikuwa harufu ya kitu kilichooza.

"Fungua mdomo."

"Niache, mama watoto."

"Timazi, fungua mdomo!"

Akifikia kuitwa hivyo na mkewe, Timazi alijua hakuna tena mjadala. Akafungua. Ufizi juu ya meno yale ulikuwa mwekundu, umevimba, unang'aa kama ganda la nyanya. Mke akafunga kidole kwa kitambaa safi, akaubonyeza kidogo. Juu ya jino la kulia ikatoka damu. Juu ya jino la kushoto ikatoka damu na tone jeupe.

"Huu ni usaha! Tangu lini?"

"Kitambo."

"Kitambo ndiyo siku gani?"

Timazi akaingiza mkono kwenye ndoo, akaitafuta bisibisi.

"Linauma?"

"Haliumi hata kidogo. Ndiyo maana nilisema litapita tu."

"Unapiga mswaki hapo?"

Timazi akatazama ndoo. "Hapo sipagusi."

"Hupagusi kwa nini?"

"Plasta mbichi haiguswi, mke wangu. Siku ile baada ya kupandikizwa, waliniambia nisipasugue mpaka kidonda kifunge. Nikapaacha pakauke. Baadaye nikajaribu mswaki, ikatoka damu. Nikasema, ah, bado mbichi. Nikapaacha tena."

"Huu ni mwaka wa pili! Plasta gani hiyo, baba, inayokauka kwa miaka miwili?"

Shangazi akatokea mlangoni. Meno yake yalikuwa bado kwenye glasi, kwa hiyo maneno yalimtoka laini.

"Mnapigania nini asubuhi asubuhi?"

"Meno ya mtoto wa kaka yako yameota usaha, shangazi."

"Si ayang'oe! Yangu yanalala kwenye glasi, mimi nalala kitandani. Hatusumbuani."

"Shangazi!" alisema Timazi. "Nikienda, watayang'oa kweli. Yote mawili. Ule mwaka wa pengo mnaukumbuka? Nilikaa kama kiti humu ndani. Siwezi kurudi kule."

Hapo mkewe akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Akashika kichwa. Kisha akaanza kucheka, na machozi yakamtoka.

"Kumbe ni jino!"

"Kwani ulidhani nini?"

"Usiniulize nilidhani nini. Jua tu kwamba nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni la mteja kwa sababu yako."

Akainuka, akajifuta uso.

"Mficha maradhi, kilio humfichua. Vaa shati. Tunakwenda wote."

*

Kliniki ya meno ilikuwa na benchi refu na feni moja iliyolia kila ikizunguka. Timazi hakuweza kukaa. Alisimama, akakaa, akasimama. Akaenda kutazama fremu ya mlango.

"Imepinda," alimnong'oneza mkewe.

"Kaa chini."

"Nakuambia imepinda kwa juu."

"Na wewe umepinda. Kaa."

Mkewe alimshika mkono, akaufunika kwa kiganja chake. Midomo yake ilikuwa ikicheza taratibu. Timazi alijua anaomba. Alitaka kuomba naye, lakini maneno hayakukaa mahali pamoja. Kila aliposema "Mungu wangu," ulimi wake ulikimbilia kwenye jino.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Kabla ya kutazama mdomo, aliuliza maswali. Damu ilianza lini? Anavuta sigara? Ana ugonjwa wa sukari? Mara ya mwisho kurudi kuangaliwa ilikuwa lini?

"Sigara navuta, mbili tatu nikiwa jukwaani," alijibu Timazi. Mkewe akakohoa. "Basi, nne tano. Sukari sijui. Kurudi sijarudi. Jino lilikuwa zuri, nirudi kufanya nini?"

"Tutapima na sukari," alisema daktari. "Ikiwa juu bila kudhibitiwa, fizi hazina nguvu ya kupona. Sigara nayo inaupa ugonjwa huu mlango. Haya, lala hapa, baba. Fungua kinywa."

Alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita.

"Hiki ni kipimo. Nitakipitisha kati ya ufizi na jino, taratibu sana. Ufizi mzima haumwagi damu ukiguswa hivi."

Alianza na meno ya asili ya pembeni. Kipimo kiliingia kidogo tu. Hakuna damu. Kisha akaja kwenye jino la kupandikiza la kulia. Akapima kulizunguka lote.

"Milimita nne. Kuna damu. Usaha hakuna."

Akaenda kwenye jino la kushoto. Kipimo kikaingia. Kikaendelea kuingia. Timazi alikuwa akimtazama daktari machoni, kama abiria anavyomtazama dereva kwenye kona mbaya.

"Milimita saba," alisema daktari. "Damu na usaha."

Akayashika meno yote mawili, moja moja, akayatikisa. Hayakucheza.

"Nilidhani linahitaji kukazwa," alisema Timazi.

"Alitaka kulikaza na bisibisi," alisema mkewe.

Daktari aliweka kipimo chini. "Mungu amekunusuru, baba. Skrubu yako haijalegea. Nenda kapigwe picha, ndipo nitakuambia ni ugonjwa gani."

"Kwani magonjwa ni mangapi?"

"Ni mawili, na tofauti yake ni kubwa. Damu peke yake hainiambii. Picha ndiyo itaniambia."

Kusubiri picha kulikuwa kugumu kuliko yote. Timazi alitoka nje, akatoa sigara, akaitazama, akairudisha mfukoni. Alirudi ndani. Alitoka tena. Mkewe aliacha kumwambia akae, maana naye alikuwa amesimama. Hakuna mtu aliyemwambia Timazi kama anarudi na meno au anarudi na pengo.

*

Daktari aliiweka picha kwenye kioo chenye mwanga.

"Sogea, baba. Na wewe mama, sogea. Hizi mbili nyeupe kabisa ni skrubu. Hii ya kijivu inayozizunguka ni mfupa. Tazama upande wa kulia. Mfupa umepanda mpaka karibu na shingo ya skrubu. Umeishika vizuri. Sasa tazama kushoto."

Timazi alitazama. Hakuhitaji kuambiwa. Upande wa kushoto mfupa ulikuwa umeteremka pande zote mbili za skrubu, kama shimo linalochimbwa kuzunguka nguzo. Michirizi inayoizunguka skrubu ilikuwa nje, haina kitu cha kuishika.

"Ukuta unaliwa," alisema polepole.

"Wewe ni fundi mwashi?"

"Ndiyo, daktari."

"Basi tutaelewana. Skrubu ni nzima. Jino ni zima. Madini hayaozi. Lakini ufizi na mfupa ni nyama na mfupa wako, na hivyo vinaugua. Usiposafisha, ukoga unajikusanya kwenye mzunguko wa jino. Ukoga ni utando laini uliojaa vijidudu. Vijidudu vinachokoza ufizi. Ufizi unavimba, unakuwa mwekundu, unatoka damu. Ukiishia hapo, ni ugonjwa wa ufizi peke yake. Hilo ndilo jino lako la kulia."

"Plasta imeshika unyevu, tofali bado zima," alisema Timazi.

"Vizuri. Ila plasta haina uhai. Ikiharibika imeharibika. Ufizi una uhai. Ukiondoa uchafu mapema, unarudi kuwa mzima."

"Na la kushoto?"

"Hapo ugonjwa umepita ufizi, umeingia kwenye mfupa. Mfupa ukianza kupungua, jina la ugonjwa linabadilika, na matibabu yanabadilika. Na mfupa uliokwisha kuliwa haurudi kirahisi. Kazi yetu ni kuuzuia usiendelee."

"Lakini haliumi!" alisema mkewe. "Ndiyo maana alinyamaza."

"Ndiyo hila yake, mama. Ugonjwa huu mara nyingi hauumi. Wala jino halichezi. Likija kucheza, mfupa unakuwa umekwisha. Kutouma si kupona."

Daktari akageuza kiti chake.

"Sasa niambie, baba. Meno yako yalipofungwa, ulipaswa kurudi upigwe picha ya kwanza. Iko wapi?"

"Sikurudi."

"Hiyo ndiyo picha ningeiweka karibu na hii. Ningeona mfupa ulikuwa wapi na sasa uko wapi. Sasa sina cha kulinganisha. Nimelazimika kuamua kwa njia ya pili. Kipimo kimezama milimita saba, damu ipo, na mfupa umeshuka zaidi ya milimita tatu kutoka pale ulipotakiwa kuishia. Hayo matatu yakikutana, hata bila picha ya kwanza, nasema mfupa umeshambuliwa. Lakini sijui umeshuka upesi au polepole. Wala sijui kama bado unashuka."

Timazi akaitazama picha tena. Alikuwa akiona sebule ya mwalimu. Aliona kipande cha plasta juu ya ufa, na tarehe ya penseli.

Mkewe alikuwa akiijua kazi ya mumewe vizuri. Akamtazama kwa pembe ya jicho.

"Ufa usio na alama, fundi anabahatisha tu," alisema. "Nani husema hivyo?"

"Mganga hajigangi," alijibu Timazi kwa sauti ndogo.

"Basi alama tunaiweka leo," alisema daktari. "Picha hii ndiyo alama yako. Kila utakaporudi tutapima na kulinganisha."

"Daktari, niambie ukweli. Utayang'oa?"

"La kulia sina sababu ya kuling'oa. La kushoto nitalipigania. Ila siwezi kukuahidi. Nusu ya kazi iko mikononi mwangu, nusu iko kwenye mswaki wako."

"Na nusu nyingine iko kwa Mungu," alisema mkewe.

"Hizo ni nusu tatu, mama."

"Ndiyo, daktari. Na zote tunazihitaji."

*

Siku hiyo daktari alisafisha meno yote mawili, juu na chini ya ufizi. Kisha akampa Timazi kioo na kumfundisha. Mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala, ukiinamishwa kuelekea pale ufizi unapokutana na jino. Vimswaki vidogo vyembamba vya kupitisha katikati ya meno. Bila nguvu, lakini bila kuruka mahali.

Timazi alipitisha kimswaki. Kikatoka na damu. Akasita.

"Usiache," alisema daktari. "Damu ndiyo inakuambia hapa pasafishwe. Wewe uliisikia ikisema hapa paachwe."

Nyumbani haikuwa rahisi. Asubuhi ya kwanza Timazi alisimama mbele ya kioo, akatema damu, akaogopa. Mkewe alisimama nyuma yake na sindano mdomoni.

"Endelea."

"Inatoka nyingi."

"Endelea, baba watoto. Niko hapa."

Shangazi alipita na glasi yake. "Wewe unasafisha vya kwako, mimi nasafisha vya kwangu. Tumekuwa kiwanda."

Sigara ilikuwa vita nyingine. Jukwaani mkono ulikwenda mfukoni wenyewe. Timazi akaweka penseli mahali pa pakiti. Kila hamu ilipokuja, alitafuna penseli. Siku moja mafundi wenzake walimkuta na mdomo mweusi kwa risasi ya penseli. Walicheka mpaka zege likaanza kuganda. Lakini pakiti haikurudi. Majibu ya sukari yalipotoka, sukari ilikuwa sawa, na mkewe alimshukuru Mungu akiwa bado amesimama mlangoni mwa maabara.

Baada ya majuma kadhaa alirudi kliniki. Daktari akapima jino la kulia. Ufizi ulikuwa na rangi ya waridi, umekaza, hauna uvimbe. Kipimo kilipita kote. Hakuna damu.

"Hili limepona," alisema.

Timazi akatabasamu, kisha tabasamu likakatika, maana kipimo kilikuwa kimehamia kushoto.

"Limepungua uvimbe. Lakini damu bado ipo, na usaha kidogo. Uchafu umejificha chini kwenye michirizi ya skrubu, mahali mswaki haufiki. Itabidi niufungue ufizi, nisafishe kwa macho yangu, kisha nishone."

"Kuchimba mpaka msingi," alisema Timazi.

"Ndiyo."

Walimchoma sindano ya ganzi. Hakusikia maumivu, alisikia tu vyombo vikigusana. Nje kwenye benchi, mkewe alikunja na kukunjua leso yake mpaka pindo likafumuka. Hakuwa na maneno marefu. Alisema tu, "Mshike, Bwana. Mshike." Mshono ulipofungwa, Timazi alirudi nyumbani na maagizo. Safari hii aliuliza swali kabla ya kuondoka.

"Nisiguse mpaka lini? Niambie siku yenyewe."

Daktari akacheka. Akamwambia siku ya kurudi kutolewa nyuzi, na siku ya kuanza tena mswaki mahali pale. Timazi akamrudishia maneno hayo mara mbili, neno kwa neno.

Miezi ikapita. Haikupita kwa utulivu. Kila asubuhi Timazi alitazama kwenye kioo kama kuna wekundu. Kila akinusa kitu kibaya barabarani, alidhani ni yeye. Alimwita mkewe mara kwa mara.

"Nusa hapa."

"Nimekunusa asubuhi."

"Nusa tena."

"Baba watoto, nitaanza kukutoza."

Kisha ikafika siku ya picha ya pili. Daktari aliiweka picha mpya karibu na ile aliyoiita alama. Timazi alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Alitoa kalamu mfukoni, akapima kwa macho, kama anavyopima mstari wa tofali. Shimo lilikuwepo bado. Mfupa haukuwa umepanda. Lakini haukuwa umeshuka. Mstari wa zamani na mstari mpya ilikuwa sawasawa.

"Alama haijakatika," alisema.

"Haijakatika," alisema daktari. "Usaha hakuna, damu hakuna. Ukuta umeacha kutembea. Lakini utarudi tena, na tena. Hili ni jambo la kuangaliwa maisha yako yote."

"Nitarudi," alisema Timazi. "Na ile fremu ya mlango wako, daktari, nitakuja kuinyoosha. Inaninyima raha."

*

Wakirudi, yeye na mkewe walipitia kwa mwalimu mstaafu. Kipande cha plasta kilikuwa kizima juu ya ufa, na tarehe ya penseli ilikuwa bado inasomeka. Timazi akauziba ufa siku ileile. Akakataa chai ya sukari nyingi.

Jioni familia ikakaa mezani. Chakula kilikuwa kinafuka moshi. Timazi akaweka mikono yote miwili juu ya meza, mahali kila mtu aliiona. Akainamisha kichwa, akafungua mdomo.

Akamshukuru Mungu kwa siku. Akamshukuru kwa mkewe, na kwa pua ya mkewe. Akamshukuru kwa daktari, kwa kipimo chake, kwa picha ya kwanza na ya pili. Akaombea mafundi wote walio juu ya majukwaa. Akaombea kila mtu anayeona damu kwenye mate yake na kuifukia kwa kisigino. Sauti yake ilijaa chumba, ikatoka dirishani, ikafika nyumba ya tatu. Jirani mmoja huko akaitikia.

Moshi wa chakula ukapungua. Kisha ukaisha.

"Amina," alisema shangazi.

Timazi akaendelea.

"Amina, nasema!"

Mkewe alikuwa amefumba macho. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuyafuta.

Kitindamimba akafungua jicho moja.

"Baba," alinong'ona, "nyuki ametoka kwenye chupa. Sasa tule."